Wawili Wavuke, Mmoja Abaki

Kila siku akitoka shule, Kemirembe alikuwa na kazi tatu zinazomngoja: kuteka maji, kugeuza buni iliyoanikwa uani, na kuloweka ukindu wa bibi yake. Kazi ya tatu ndiyo aliyoipenda. Alijaza maji kwenye beseni, akatumbukiza vipande vyembamba vya ukindu vilivyotiwa rangi ya zambarau, kisha akavikandamiza kwa jiwe ili visielee. Baada ya hapo aliketi kwenye ngazi ya baraza na kumtazama Bibi Evangelina akisuka.

Siku hizo Bibi alikuwa na mkeka mmoja tu mkononi. Ulikuwa mkeka wa sendofu, sherehe ya kumuaga Shangazi Agnetha, binti yake wa pekee, ambaye alikuwa anaolewa Nyabiyonza. Katika ukoo wao binti hatoki nyumbani bila mkeka wa nyumba. Nakshi yake iliitwa mto. Mstari wa zambarau ulianza pembeni, ukaenda, ukafika katikati ukapinda, kisha ukarudi. Kila nyumba pale kijijini, katika kata ya Isingiro, ilikuwa na nakshi yake; mkeka wa zamani wa Bibi ulikwisha kuoza, nakshi ikabaki kichwani mwake tu. Kila mama alimfundisha binti yake nakshi ya nyumba katika wiki ya mwisho kabla ya sendofu, si mapema. Kilikuwa kitu cha mwisho cha kupewa na mama kabla ya kuondoka.

Bibi aliposuka aliimba kwa Kinyambo. Wimbo ulihusu ng'ombe wanaovuka mto. "Wawili wavuke, mmoja abaki. Wawili wavuke, watatu wabaki." Ulikuwa wimbo mrefu. Kemirembe aliusikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni, ndiyo maana hakuwahi kuusikiliza. Kwake ulikuwa kama mlio wa majani ya migomba, upo tu.

Mwezi huo Mwalimu Ikram, msimamizi wa klabu ya kompyuta, alitangaza mashindano. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alitakiwa kuleta video ya dakika moja kuhusu sanaa ya nyumbani kwao. Video bora ingepelekwa wilayani. Shangazi Agnetha alimwazima Kemirembe simu yake ya zamani ya kugusa, yeye akabaki na kitochi chake, kisimu kidogo cha vitufe.

"Bibi, nikupige video ukisuka?" Kemirembe aliuliza Alhamisi jioni.

"Mimi na meno haya mawili?" Bibi alicheka. Halafu akafikiri kidogo. "Haya, nipige. Bora wimbo uingie humo. Kichwa changu kimeanza kuchoka, siku hizi natafuta kisu nimekishika mkononi."

Aliuweka mkeka kando, akasuka kipande cha mfano na kuimba kwa dakika kumi na moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye kona ya mto alikohoa, akaomba maji, akaendelea. Mwisho alikifumua kile kipande, akatazama simu moja kwa moja na kusema, "Itunze hii, mjukuu wangu."

Kemirembe aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye alama ya chaji.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, aliwaonyesha wenzake video ile katika chumba cha kompyuta. Sauti ya Bibi iliposikika, Ainebyona, msichana aliyekaa naye dawati moja, alianza kucheka.

"Jamani, njooni mmsikie bibi anayekoroma!"

"Hakoromi, anaimba," Kemirembe alisema kwa sauti ndogo.

"Anaimba kilugha. Hiyo ukiileta kwa mwalimu, Bibi yako atavalishwa kibao shingoni!"

Wote wakacheka. Pale shuleni kulikuwa na kibao cha mbao kilichoandikwa NIMESEMA KILUGHA. Mwanafunzi aliyekamatwa akisema Kinyambo alikivaa kutwa nzima. Kemirembe alikuwa amekivaa mara moja akiwa darasa la tatu, na hadi leo akikumbuka uzi ule shingoni aliona joto la aibu usoni.

"Ondoa sauti," Ainebyona alimshauri, sasa bila kucheka. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu kusikika. "Weka singeli. Halafu kimbiza video, mikono iende mbio. Itakuwa kali kweli."

Wakafanya hivyo. Mikono ya Bibi ilikimbia kama ya mtu anayekimbizwa na nyuki, na ngoma ya singeli ikagonga juu yake. Kile kipande cha kukohoa Kemirembe alikikata, kwa sababu Bibi alionekana akijifuta mdomo. Yale maneno ya mwisho aliyakata pia. Wakahamishia kazi yao kwenye kompyuta ya shule. Walipotaka kuongeza picha na nyimbo nyingine, simu ikaandika kwamba haina nafasi. Kemirembe akaitafuta ile video ndefu ya dakika kumi na moja, akaifuta. Simu ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Akaingia na kwenye kapu la vilivyofutwa, akalimwaga lote.

Jumapili asubuhi, watu wakijiandaa kwenda kanisani, Bibi Evangelina alianguka jikoni.

Kemirembe ndiye aliyemkuta. Bibi alikuwa amelala kando ya mafiga, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Macho yalikuwa wazi. Yalimtazama Kemirembe, mdomo ukajaribu kusema jambo, ikatoka sauti tu.

"Baba! Baba njoo!"

Baba yake, Yustus, alimbeba mama yake hadi barabarani. Wakapata gari la jirani la kubebea ndizi, wakamlaza juu ya majani, na Shangazi Agnetha akapanda kumshika kichwa. Walikuwa wanakwenda hospitali, wilaya ya jirani ya Karagwe. Gari lilikuwa karibu kuondoka Shangazi alipoinama na kumshika Kemirembe begani.

"Ile simu iko wapi?"

"Ndani."

"Itunze kama roho yako. Mama aliniambia amekuimbia wimbo wote. Kemi, ule si wimbo wa ng'ombe. Ndiyo hesabu ya mkeka. Ng'ombe ni ukindu. Wanaovuka wanapita juu, wanaobaki wanapita chini. Hakuna mwingine anayeujua, na mimi alikuwa bado hajanifundisha." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Wimbo umo, siyo?"

Kemirembe aliyakwepa macho yake.

"Ndiyo, Shangazi," alisema. "Umo."

Gari likaondoka. Zilikuwa zimebaki siku ishirini kabla ya sendofu.

Alirudi ndani akaifungua simu. Alitafuta kwenye picha, kwenye mafaili, kwenye kapu tupu. Alitafuta tena na tena, kama mtu anayefungua chungu kilekile akitumaini chakula kimejipika. Hakukuwa na kitu. Alijaribu kuuimba wimbo kichwani. Wawili wavuke, mmoja abaki. Wawili wavuke, watatu wabaki. Halafu? Mmoja? Wanne? Miaka kumi na miwili ya kuusikia, na mistari miwili tu ndiyo iliyobaki.

Jumatano Mwalimu Ikram alisimama mstarini na kutangaza mshindi wa shule. "Kemirembe Yustus!" Watoto wakapiga makofi. Video ilionyeshwa kwenye kompyuta, singeli ikagonga, wadogo wakacheza. Mwalimu alitabasamu. "Mikono inakimbia mno kwa macho yangu ya kizee," alitania, ingawa hakuwa mzee, "lakini imetengenezwa vizuri." Kemirembe alisimama mbele ya shule nzima akitazama vidole vya bibi yake, vidole ambavyo sasa havikuweza kushika kijiko. Alitamani ardhi ipasuke.

Bibi alirudishwa nyumbani Jumamosi. Daktari alisema ni kiharusi, kilichotokana na presha ambayo haikuwa imepimwa siku nyingi. Angeweza kupata nguvu kidogo kidogo. Kuhusu kusema, hakuwaahidi.

Walimlaza barazani, karibu na mkeka wake ulioanza tu kusukwa. Jambo la kwanza alilofanya Bibi lilikuwa kuunyooshea mkeka mkono wa kushoto. Kisha akamnyooshea Kemirembe. Kisha akauweka mkono sikioni.

"Anataka kusikia wimbo," alisema Shangazi. "Kemi, ilete simu, nianze leo leo. Siku zimekwisha."

"Haina chaji," alisema Kemirembe.

"Basi kachaji kwa jirani, sola yao ina nguvu."

Kemirembe aliichukua simu chumbani. Ilikuwa na chaji nyingi tu. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Akiiwasha watajua. Akisema imepotea wataitafuta. Pale nyuma ya nyumba palikuwa na beseni la ukindu. Maji yake yalikuwa ya zambarau iliyokolea. Kemirembe alitazama nyuma, akaona hakuna mtu, akaachia vidole.

Simu ilizama bila kelele. Mapovu matatu yalipanda, kisha hakuna.

Alihesabu hadi mia moja. Halafu akapiga ukelele, "Shangazi! Simu imeniponyoka!"

Shangazi Agnetha hakumpiga wala kumfokea. Aliitoa simu kwenye beseni, akaifuta kwa kanga, akaketi chini pale pale kwenye matope na kuikumbatia. Hilo lilimuumiza Kemirembe kuliko fimbo. Kutoka barazani walimsikia Bibi akitoa ile sauti yake isiyokuwa na maneno.

Jumatatu Kemirembe alitumwa kuipeleka simu kwa fundi Saleh, senta ya Isingiro. Familia ya Saleh ilitoka pwani zamani, na maneno hayakumwishia mdomoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Lo! Simu hii mliipeleka harusini kupakwa hina?" Aliigeuza. Maji ya zambarau yalidondoka mezani. "Njoo kesho baada ya masomo. Nitaifungua, nitaikausha, na Mungu akipenda itaamka."

Siku iliyofuata simu iliamka. Saleh aliishika mkononi, lakini hakumpa.

"Nilimwambia shangazi yako kwa kitochi chake kwamba nitaitafuta hiyo video ya bibi. Nimetafuta asubuhi yote. Maji hayakuila video, binti. Ilifutwa kwa mkono, Ijumaa, na kapu likamwagwa. Halafu mkaweka mapicha na minyimbo mingine juu yake. Hata niiloweke asali haitarudi."

Kemirembe alitazama ncha za viatu vyake.

"Na jambo jingine," Saleh alisema, sasa kwa sauti ya chini ili mteja aliyekuwa nje asisikie. "Simu iliyoponyoka huwa na alama ya kugonga. Hii haina hata mkwaruzo. Ililazwa majini taratibu, kama mtoto."

"Utamwambia?"

"Mimi natengeneza simu. Hilo lingine ni la kutengeneza wewe." Akampa simu na kufungua nyingine.

Kilomita tatu za kurudi nyumbani zilikuwa ndefu kuliko siku zote. Alifikiri kukimbilia kwa mjomba wake aliyeishi Bugomora. Alifikiri kuirusha simu bondeni. Kila alichofikiria kilikuwa ni kuongeza uongo juu ya uongo, na alikuwa amechoka kuubeba.

Alipofika barazani Bibi aliiona simu. Uso wake ukachangamka upande mmoja. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaipokea, akaiweka sikioni, akafumba macho. Akangoja kuisikia sauti yake mwenyewe.

Alingoja.

Kemirembe alipiga magoti. "Bibi, haumo," alisema, na kilio kikatoka pamoja na maneno. "Haumo, Bibi. Niliufuta mimi. Shuleni walikucheka, nikaona aibu, nikaweka muziki nikafuta. Halafu nikadanganya kwamba umo. Halafu simu nikaizamisha mwenyewe ili msijue."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji. Aliweka sufuria chini. Alipita karibu na Kemirembe bila kumgusa, akaenda uani, akaanza kugeuza buni ambayo ilikuwa imekwisha kugeuzwa. Baba Yustus, aliyekuwa akipogoa migomba karibu, alisimama na panga mkononi. Bibi alifungua macho. Hakuwa na hasira. Chozi moja lilishuka kwenye shavu lililokufa, na hakuweza kulifuta.

Baada ya muda mrefu Shangazi alirudi.

"Siku tisa," alisema. "Siku tisa nimekaa nimetulia, nikijua wimbo upo. Ungeniambia ile Jumapili, ningekuwa nimekwisha kuzunguka kwa kila mtu aliyewahi kumsikia mama akiimba." Akajifuta uso. "Kesho tunakwenda shule. Nataka kuiona hiyo video yako ya muziki."

Mwalimu Ikram aliwasikiliza hadi mwisho. Kemirembe alieleza yote, pamoja na habari ya kibao. Aliposikia hiyo ya kibao Mwalimu aliinamisha kichwa. Kisha alifungua kompyuta.

"Sauti ilikwisha kwenda," alisema. "Lakini mikono ipo. Mliikimbiza, na kompyuta inaweza kuirudisha kwenye mwendo wake, hata polepole zaidi." Akabonyeza. Vidole vya Bibi vilianza kutembea kwa utulivu. Shangazi Agnetha alijiziba mdomo kwa kanga.

"Nina swali moja la kijinga," Mwalimu alisema, "mimi si Mnyambo. Ukindu unaweza kufanya mambo mangapi? Kupita juu, kupita chini. Kuna la tatu?"

"Hakuna," alijibu Shangazi. "Ni hayo tu."

Mwalimu Ikram aliipanua picha kwenye kioo hadi ikawa visanduku vidogo vidogo. "Angalia, Kemirembe. Kompyuta nayo haijui kuchora uso wala mto. Inajua kisanduku hiki kiwake, hiki kizimike. Watu wa kompyuta wanaona wamevumbua jambo kubwa, kumbe bibi yako amekuwa akilifanya barazani. Na wimbo ndio uliokuwa kumbukumbu ya kuhifadhia. Leta daftari la hesabu."

Kwa mchana wa siku mbili waliisimamisha video, wakaisogeza kidogo, wakaisimamisha tena. Ukindu wa zambarau ukipita juu, Kemirembe alitia penseli kwenye kisanduku. Ukipita chini, alikiacha kitupu. Ainebyona alikuja dirishani, akaona wanachofanya, akaingia bila kualikwa na kuanza kuchonga penseli. "Pole, Kemi," alisema akiangalia penseli. Mistari kumi na minne ilipatikana, na mto ulionekana ukitembea juu ya karatasi.

Kisha ukakatika. Video iliruka kutoka kabla ya kona hadi baada ya kona. Pale palipokuwa na kukohoa, palikuwa hamna kitu.

"Ni mimi," alisema Kemirembe. "Nilikata."

Shangazi alisuka mistari yote kumi na minne. Kufikia Jumatatu alikuwa kwenye kona, na zilibaki siku tano. Alijaribu kuibahatisha. Mto ulipinda vibaya ukawa kama mguu uliovunjika. Akafumua. Akajaribu tena, akafumua. Mara ya tatu ukindu wenyewe, uliochoka kukunjwa, ulianza kukatika mikononi mwake.

"Sukeni wa kawaida," alisema Baba. "Watu watakaa. Nani atahesabu?"

"Mama atahesabu," alisema Shangazi, akautupa ukindu na kuingia ndani. Bibi aligeuza uso ukutani. Siku hiyo alikataa uji, na siku iliyofuata asubuhi alikataa tena, na dawa zake za presha hazikutakiwa kunywewa bila chakula.

Jumanne hiyo alasiri Kemirembe aliketi kando yake na daftari la hesabu. Hakujua afanye nini kingine.

"Bibi, nikusomee mkeka? Mbili juu, moja chini. Mbili juu, tatu chini." Bibi alitikisa kichwa kwa nguvu, kama mtu anayefukuza nzi. "Nimekosea? Moja juu, nne chini..." Alitikisa tena.

Kemirembe alitazama visanduku. Cheusi, cheusi, cheupe. Alivigonga kwa kidole juu ya karatasi, na kidole kikaanza kupata mwendo. Aliujua mwendo ule. Ulikuwa mwendo wa mgongo wa Bibi akitembea.

Watoto wa jirani walikuwa wanapita na ndoo. Ainebyona alikuwa pamoja nao. Kemirembe aliwaona, akavuta pumzi, akaimba kwa Kinyambo, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Wawili wavuke, mmoja abaki. Wawili wavuke, watatu wabaki. Macho yalifuata visanduku, na visanduku vikageuka ng'ombe. Mmoja avuke, wanne wabaki. Hakuna aliyecheka. Aliimba mistari kumi na minne, akafika kwenye ukingo wa mto, mahali ambapo penseli iliishia. Akanyamaza.

Ndipo sauti nyingine ikaendelea.

Ilikuwa ya kukwaruza, nyembamba, na maneno yalikuwa mazima. "Ndama amegeuka. Watatu wamfuate, wawili wangoje." Bibi alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani. Mdomo wake uliopinda, ambao kwa siku kumi na sita haukuweza kusema hata neno maji, ulikuwa unaimba.

"Agnetha!" Baba alipaza sauti kutoka uani. "Agnetha, njoo upesi!"

Kemirembe alichukua simu, akabonyeza kurekodi. Shangazi alitoka mbio akapiga magoti mbele ya mkeka, akakamata ukindu. Bibi aliimba mstari, Shangazi akaupitisha. Bibi alikohoa katikati ya kona, akakohoa sana, kisha akaendelea. Mto ulipinda polepole, laini, kama unavyotakiwa kupinda, ukaanza kurudi nyumbani.

Wimbo ulipoisha Kemirembe alisema, "Bibi, sema jina langu." Bibi alijaribu. Ilitoka ile sauti tu. Aliweza kuimba, kusema hakuweza. Muuguzi aliyekuja siku mbili baadaye alisema amewaona wengine wa aina hiyo, na akawahimiza wamwimbishe kila siku. Jioni ile Bibi alikunywa uji wote na dawa zake.

Mkeka ulikamilika Ijumaa, giza likianza kuingia. Jumamosi Shangazi Agnetha aliukalia mbele ya wageni wa Nyabiyonza, na Bibi akabebwa kwenye kiti na kuwekwa pembeni yake. Kabla ya ngoma, aliunyoosha mkono wa kushoto na kupapasa kona ya mto kwa ncha za vidole, akihesabu. Alihesabu hadi mwisho. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mwalimu Ikram alikuwa miongoni mwa wageni. Kemirembe alikuwa amemwomba aiondoe ile video ya singeli kwenye mashindano, ingawa tarehe ya kupeleka nyingine ilikuwa imekwisha kupita. Shule yao haikupeleka kitu mwaka huo. Kibao nacho hakikuwepo tena ofisini. Mwalimu alikuwa ameenda kwa mwalimu mkuu kukizungumzia, na kesho yake kikaonekana jikoni mwa shule kikiwa kimepasuliwa kuni.

"Umekasirika kukosa ushindi?" Mwalimu alimwuliza.

"Hapana, Mwalimu. Ninayo video ndefu. Ina hadi kukohoa."

"Usiikate hiyo."

"Siikati."

Mwalimu alimvuta karibu. "Kompyuta itaendelea kukupa njia nyingi za kupamba vitu, Kemirembe, na uzitumie, una kipaji. Lakini kabla hujapamba kitu cha mtu, mwulize kwanza kinafanya kazi gani. Mimi pia sikuuliza. Niliiona mikono inakimbia, nikakupa ushindi."

Shangazi Agnetha, akiwa na shela lake, alikuwa amesikia. Alijinyoosha kutoka kwenye mkeka akamshika Kemirembe mkono.

"Na mimi nina langu, kabla sijaondoka," alisema. "Kufuta lilikuwa kosa la mtoto, nilikwisha kulisamehe siku ile ile. Kilichokaribia kutumaliza ni kuficha. Uliposema kweli hatukuwa na kitu mkononi, lakini tulianza kutafuta pamoja. Ukikosea tena, na utakosea, usiizamishe simu. Njoo useme."

"Ndiyo, Shangazi."

"Sasa kaa hapa. Wiki hii ya mwisho mama alitufundisha wawili."

Kemirembe aliketi kwenye ukingo wa mkeka, miguu ndani ya mto wa zambarau. Upande wa pili Bibi alianza kuimba kwa sauti ya chini, na yeye akamwitikia.